Pikipiki ya Zamani au Mpya? Safari ya Likasi Ilivyotufundisha Kuchagua

Juma hili hatuzungumzi juu ya mapishi wala bustani. Tunazungumza juu ya pikipiki.

Mwezi uliopita zamu ya likelemba ilimfikia mmoja wetu. Mnajua desturi yetu: tuko wamama 24, kila mmoja anatoa dola 50 kwa mwezi, na mwenye zamu anabeba dola 1,200 kwa mara moja. Mama huyu alikuwa amengoja miezi 19. Kati yetu anaitwa Mama wa Likasi, kwa sababu mama yake mzazi anakaa kule, ni mzee, na miguu haimtii tena. Kila majuma mawili binti anapanda basi ndogo kumpelekea dawa, unga na samaki kavu. Likasi ni karibu kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na saa za kungoja gari lijae, inakula faida ya samaki anayouza kwenye soko la Kenya. Ndiyo sababu yeye na mume wake walipatana tangu zamani: zamu ikifika, watanunua pikipiki. Siku za kazi mume, ambaye ni mwalimu, ataenda nayo masomoni Ruashi. Siku ya posho wataketi wawili na kwenda kumuona mama.

Walipatana juu ya kununua. Juu ya kununua ipi, hawakupatana.

Mume alitaka Yamaha DT125 ya mjomba wake, ya miaka mingi, ambayo mjomba alikubali kuiachia kwa dola 650. Marehemu baba yake alikuwa na moja ya namna hiyo hiyo, na ndiyo iliyokuwa ikimpeleka masomoni alipokuwa mtoto. Kwake hiyo ni chuma kweli, hizi za leo ni plastiki na rangi. Kijana wao wa kwanza alitaka mpya ya Kihindi, cc 125, aliyoiona dukani mjini kwa dola 1,150. Mama mwenyewe alikuwa katikati. Alikuja kikaoni akatuambia: «Bamama, hii makuta ni jasho yetu sisi wote. Nikiipoteza, nitangoja tena miaka miwili. Munisaidie kuangalia.»

Tulichagua watatu waende naye. Walizunguka siku tatu za posho, kwa mafundi, kwa wauzaji wa vipuri, na kwa mjomba pia. Waliyoyaona tunawaandikia hapa, kwa sababu tunajua nyumba nyingi kati yetu zina ugomvi huo huo.

Kwanza ujiulize: itakwenda wapi, na itabeba nani?

Ulaya na Marekani kuna pikipiki zinazotengenezwa makusudi kwa safari ndefu za watu wawili. Zina kiti kipana, kioo cha kukinga upepo, na masanduku ya mizigo pembeni. Honda ilitoa moja ya namna hiyo, ST1100, mwaka 1990, halafu mwaka 2002 ikaleta ST1300 kushika nafasi yake. Ya kwanza inatumia kabureta, ya pili inapuliza mafuta kwa umeme. Kungekuwa na ugomvi kama wa jikoni kwa Mama wa Likasi: mmoja anasema ya zamani haifi, mwingine anasema mpya ni salama zaidi. Lakini hizo ni mashine za kilo karibu 300, na wengi wanazinunua kwa kujifurahisha. Yetu ni ya kilo mia na kitu, na juu yake tunaweka baba, mama na gunia.

Kwa hiyo fundi wa kwanza tuliyemwendea, mzee anayefanya kazi Katuba tangu ujana wake, hakutaka kujibu mara moja kama ni ya zamani au mpya. Alituuliza maswali manne. Itatembea kwenye lami au kwenye njia ya udongo? Itabeba watu wangapi, na uzito gani? Nani ataitengeneza ikiharibika? Na mkishanunua, mtabaki na makuta ngapi mkononi?

Tuliyajibu. Njia ya Likasi ni barabara kuu ya taifa namba 1, ina lami, na ina malori. Wote waliopita huko wanayajua: malori ya shaba, malori ya asidi, yanafuatana kama treni. Lori likikupita karibu, upepo wake unakusukuma pembeni, kisha unakuvuta. Ruashi ni vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na matope mvua zikianza mwezi wa kumi na moja. Watu ni wawili, na mzigo. Swali la tatu na la nne hatukuwa na majibu yake. Fundi akasema: «Basi murudi kwanza mutafute hayo mawili. Ile mbili ndio inachagua moto, hapana rangi.»

Injini ya zamani na injini ya leo

DT125 ni pikipiki ya heshima. Misheni na mashirika mengi yalizitumia Afrika nzima, kwa sababu ni nyepesi, imeinuka juu ya mawe, na injini yake ina vyuma vichache. Ni injini ya mapigo mawili. Maana yake ni kwamba mafuta ya kulainisha yanaungua pamoja na esanse, na ndiyo sababu inatoa moshi wa buluu na ile sauti ya kulia. Ina tanki ndogo ya mafuta hayo pembeni, nayo lazima iwe na kitu ndani siku zote. Mafuta yakikatika njiani, pistoni inashikana na silinda, na gurudumu la nyuma linaweza kusimama ghafula. Hebu uwaze jambo hilo likitokea mbele ya lori karibu na Luishia.

Injini za leo tunazoziona mjini, za Kihindi na za Kichina, karibu zote ni za mapigo manne. Mafuta yanakaa chini ndani ya injini, hayaungui na esanse. Kazi yako ni kuangalia kimo chake na kuyabadilisha kwa wakati. Injini inakunywa esanse kidogo. Na tulijifunza jambo lililotushangaza: injini nyingi za Kichina za cc 125 zina asili yake katika Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Wajapani waliitengeneza hiyo makusudi kwa nchi ambako pikipiki inabeba mzito na haifanyiwi matengenezo mara nyingi. Kwa hiyo ukinunua «mpya», mara nyingi unanunua akili ya zamani katika nguo mpya. Hilo si baya. Ndiyo sababu kijana yeyote wa garaji anaweza kuifungua.

Ukiona mpya inayopuliza esanse kwa umeme, bila kabureta, uulize kwanza kama kuna fundi karibu nawe mwenye kifaa cha kuisoma. Inakunywa kidogo zaidi na inawaka vizuri asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, lakini ikigoma njiani, nyundo na bisibisi havitoshi.

Jambo moja zaidi kwetu wanawake: namna ya kuiwasha. Ya mjomba ilikuwa ya kupiga kiki tu. Mmoja wetu alijaribu, mara saba, hata kiatu kikatoka. Mpya ilikuwa na kiki pamoja na kitufe cha umeme. Kama mama naye anataka kujifunza kuendesha, na Mama wa Likasi anataka, hilo si jambo dogo.

Freni, na mahali mama anapoketi

Wanaume wakiangalia pikipiki wanaangalia mbele. Tunaomba ninyi wamama muangalie nyuma, kwa sababu ndipo mnapoketi.

Freni za DT ya mjomba zilikuwa za ngoma, mbele na nyuma. Zinafanya kazi, lakini maji yakiingia ndani zinalegea mpaka zikauke. Mpya ilikuwa na diski mbele na ngoma nyuma. Diski inashika vizuri zaidi, hata wakati wa mvua, na jicho lako linaona kama imelika. Muuzaji alianza kutusifia freni za ABS, zile zinazozuia gurudumu kuteleza. Tulimwambia atuonyeshe. Hazikuwapo. India imeweka sheria kwamba tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya yenye injini inayozidi cc 125 iwe na ABS, na zile ndogo ziwe na freni za mbele na nyuma zinazoshika pamoja. Lakini sheria hiyo ni ya barabara za India. Inayoletwa kwetu inaweza kuwa nazo, inaweza kukosa. Usinunue neno, ununue unachoonyeshwa.

Halafu kuna kitu ambacho kilitufanya tucheke na kushukuru. Sheria za India zinadai kila pikipiki iwe na mahali pa abiria kushika, mahali pa kuweka miguu, na kizuizi kinachofunika nusu ya gurudumu la nyuma. Sababu ni sari, nguo ndefu ya wanawake wao, ambayo ilikuwa ikiingia kwenye gurudumu. Wamama, sari na kikwembe ni ndugu! Wote tunamjua mama ambaye kikwembe chake kilivutwa na shene au spoku. Kwenye ile mpya kizuizi hicho kilikuwapo, fito za chuma upande wa kushoto. Vijana wengine wanakifungua na kukitupa ili pikipiki ionekane ya kisasa. Ukinunua, usikubali kifunguliwe. DT ya mjomba, iliyotengenezwa kwa ajili ya njia za porini, haikuwa na kitu hapo.

Na tusilaumu pikipiki peke yake. Kuketi upande, miguu yote miwili upande mmoja, kunavunja usawa, na ukitupwa huna cha kushika. Vaa suruali ndani, funga kikwembe vizuri juu yake, ukae kama anayeendesha.

Jaribio la vitu vitano

Kabla ya kununua pikipiki yoyote, andika vitu vitano kwenye karatasi: buji, waya wa ambreyaji, viatu vya freni, shene na meno yake, na mpira wa ndani. Tembea kwa wauzaji wa vipuri watatu, uulize kila kimoja kwa jina la pikipiki hiyo. Andika nani anacho na kwa bei gani.

Tulifanya hivyo. Kwa ile ya Kihindi, wauzaji wote watatu walikuwa na vitu vyote vitano, tena walitupa bei bila kutazama. Kwa DT, buji na mpira wa ndani vilipatikana. Shene, mmoja alisema ataitafutia inayofanana. Viatu vya freni, mmoja alikuwa navyo vya kazi, vilivyotoka kwenye pikipiki iliyokufa. Waya wa ambreyaji, walisema fundi autengeneze mwenyewe. Swali la tatu la mzee wa Katuba likawa limejibiwa: DT inahitaji fundi mwenye akili na subira, na mtu wa kutafuta vipuri mbali. Mume wa Mama wa Likasi ana kazi ya ualimu. Hana nafasi ya kuwa msafiri wa vipuri.

Karatasi: somo tulilokwisha kulilipia

Wengine mnakumbuka, ingawa mwenyewe hapendi tulitaje sana. Miaka michache iliyopita dada yetu mmoja alichukua zamu yake na kununua pikipiki kwa haraka, kwa mtu aliyejulikana na mtu anayejulikana na mtu. Bei ilikuwa nzuri. Karatasi zingekuja «kesho». Alipozuiliwa barabarani, namba ya shasi ilikuwa imesuguliwa na nyingine kugongwa juu yake. Pikipiki ilikwenda, makuta ilikwenda, na aliyeuza hakuonekana tena. Dada huyo aliendelea kutoa dola zake kila mwezi mpaka mzunguko ulipoisha, kwa sababu neno lake ni neno. Tulimheshimu sana, lakini hatutaki kuona tena heshima ya namna hiyo.

Kwa hiyo, ya zamani au mpya: soma namba iliyogongwa kwenye shasi na namba ya injini kwa macho yako, mchana, ukiwa na kitambaa cha kufutia vumbi. Ziwe sawa na zilizo kwenye karte roze. Anayeuza awe ndiye aliyeandikwa, au awe na karatasi ya kuuziwa kutoka kwa aliyeandikwa. Lipeni mbele ya mashahidi wawili, na kila upande ubaki na nakala yenye sahihi.

Na jina la nani litaandikwa? Tulizungumza hilo wazi mbele ya mume, bila ugomvi. Zamani Kitabu cha Sheria ya Jamaa cha mwaka 1987 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano ya kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha jambo hilo. Sasa mume na mke wanatakiwa wasikilizane, na si mmoja kumuomba mwingine ruhusa. Waliandika jina la mama, mume akatia sahihi kama shahidi. Alisema: «Makuta imetoka kwa wamama, kichwa chake kiwe cha mama.» Tulimpigia makofi shemeji yetu.

Hesabu ya makuta

Mzee wa Katuba aliomba DT iletwe kwake. Mjomba aliileta mwenyewe, amesimama wima kama anayepeleka binti kwenye arusi. Mzee alifungua kichwa cha injini, akatuonyesha kwa taa mistari kwenye ukuta wa silinda. Akaonyesha mafuta yanayotoka kwenye siili, na mipira miwili iliyopasuka kwa uzee ingawa meno yake bado yanaonekana. Alikadiria matengenezo dola 240.

Basi tuliandika. DT: dola 650, matengenezo 240, kaske mbili 70, jumla 960. Mpya: dola 1,150, kaske mbili 70, jumla 1,220. Gharama za karatasi na asiransi tuliziweka pembeni, kwa sababu zote mbili zinazidai. Ya zamani ilikuwa rahisi kwa dola 260, na mume alitutazama kama mtu aliyeshinda.

Tukaendelea. Safari mbili za Likasi kwa mwezi ni kilomita 480. Kazini Ruashi na kurudi, tuseme kilomita 20 kwa siku 22, ni 440. Jumla 920 kwa mwezi. Kwa makadirio ya fundi, DT yenye watu wawili inakunywa karibu lita 5 kwa kilomita 100, mpya lita 2 na nusu. Kwa mwezi hiyo ni lita 46 upande mmoja na 23 upande mwingine. Lita 23 za ziada kila mwezi, pamoja na yale mafuta yanayoungua ndani. Zidisha mwenyewe kwa bei ya lita unayolipa: ndani ya mwaka mmoja hivi, zile dola 260 zimekwisha, na mwaka wa pili DT ndiyo ghali.

Lakini mume naye alisema neno la kweli. «Tukinunua mpya, tunabaki na nini? Ikipata shida kesho, hatuna hata franka moja ya kuitengeneza.» Hilo lilikuwa swali la nne la mzee, na lilikuwa zito. Pikipiki mpya isiyo na makuta ya mafuta nyuma yake ni pambo la kuweka uani.

Kijana alipendekeza njia ya tatu: pikipiki ya namna ile ile mpya, lakini ya miaka miwili, iliyokuwa ya manseba, kwa dola 700. Tuliikimbia. Miaka miwili ya manseba si miaka miwili ya mwalimu. Pikipiki ya taxi inatembea tangu alfajiri mpaka usiku, siku saba, na watu watatu juu. Waya wa kuhesabu kilomita ulikuwa umekatwa. Kiti kilikuwa kipya juu ya chuma kilichochoka. Umri wa pikipiki si miaka yake, ni kazi iliyofanya.

Walivyochagua

Siku ya tatu, mume alisimama muda mrefu karibu na ile DT iliyofunguliwa. Aliweka mkono juu ya tanki. Kisha akatuambia, si kwa hasira: «Hii si ya baba. Ya baba ilifanana nayo tu.» Mjomba alisikia, akatikisa kichwa, akasema hata yeye alijua. Anaibakiza kwake kwa ajili ya shamba.

Na hapo tuseme haki: kwa mjomba, DT ni chaguo jema. Njia yake ni ya udongo, anakwenda peke yake, anaifahamu kila sauti yake, na muda anao. Mtu wa namna hiyo akiiuza anunue mpya ndefu yenye lami moyoni, atajuta na mvua ya kwanza. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda; si kila kinachong'aa kimepona.

Mama wa Likasi alinunua mpya, ile ya cc 125 isiyo na mapambo. Muuzaji alimsukuma sana achukue kubwa ya cc 150 kwa dola 1,400, alikataa. Kwa ajili ya kaske, karatasi na akiba, kikao kilimkopesha dola 150 kutoka katika kisanduku cha msaada, bila faida, alipe dola 30 kwa miezi mitano. Kabla hatujapiga kura kulikuwa na maneno: wengine waliogopa kila mama atataka hivyo. Tulikubaliana kwamba mkopo wa namna hii ni kwa kaske, karatasi na matengenezo tu. Hautaongeza bei ya kununulia.

Kaske mbili, si moja

Tumeona sana mjini: anayeendesha ana kaske, mama nyuma ana kitambaa. Kichwa cha mama hakikuumbwa kwa chuma. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walikuta kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia karibu 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia karibu 69. Hakuna injini mpya inayotoa faida hiyo. Tafuta yenye alama ya E ndani ya duara, inayoshika kichwa bila kucheza, na uifunge mkanda chini ya kidevu. Kaske iliyoanguka vibaya mara moja, usiinunue hata kama imepakwa rangi.

Safari ya kwanza

Pikipiki mpya haikimbizwi. Kilomita zake za kwanza, kadiri kitabu chake kinavyosema, injini inafundishwa polepole, halafu mafuta ya kwanza yanabadilishwa mapema. Kwa hiyo walitoka alfajiri, kabla malori hayajawa mengi, bila kuzidi kilomita 45 kwa saa, wakapumzika mara tatu, mara moja Luishia kwa chai na mandazi. Lori likija nyuma, mume alipunguza na kukaa upande wake wa kulia mpaka lipite. Mama anatuambia mikono ilimuuma kwa sababu alishika sana, na kwamba kilomita thelathini za mwisho aliimba. Walifika baada ya saa tatu na nusu.

Mama mzee aliketishwa mlangoni aione. Aliuliza jambo moja tu: «Mutarudia lini?» Binti akamjibu: posho ya juma lijalo. Kwa mara ya kwanza hakuongeza «kama nauli ikipatikana».

Wamama, mkate ukurasa huu muuweke. Siku zamu yako ikifika, ujiulize: inakwenda wapi, inabeba nani, nani anaitengeneza, nabaki na nini. Tembea na vitu vyako vitano. Soma namba za shasi. Keti nyuma kabla mume hajakaa mbele. Nunua kaske mbili. Na usiende peke yako: sisi wengine tuko, na siku ya posho tuna miguu.

Mwenye pikipiki ya zamani inayomtumikia vema, atuletee habari yake kikaoni. Tunataka kuisikia nayo.